Gobore la Maktaba

Merle Snavely alikuwa mtu wa utaratibu, na mtu wa utaratibu akiamua kuficha kitu hukificha kwa utaratibu. Tangu mwezi wa tatu alikuwa akiagiza vipande vya gobore la gumegume, ile bunduki ya zamani inayowasha baruti kwa cheche ya jiwe, kimoja baada ya kingine, na vyote alielekeza viletwe kazini kwake, Maktaba ya Kettle Run, Pennsylvania. Anwani ya nyumbani hakuthubutu kuitoa. Nyumbani alikuwako baba yake, Mzee Clayton, miaka themanini na mitatu, ambaye shughuli yake ya kutwa ilikuwa kukaa dirishani akingoja gari la vifurushi, na kifurushi kikifika alikipasua bila kutazama kina jina la nani. Alishapasua soksi za Merle, dawa ya fangasi ya Merle, na barua moja ya mama fulani wa Lancaster ambayo aibu yake Merle alikuwa hajaimaliza.

Kazini hakukuwa na taabu. Dereva alishusha boksi, Merle akatia sahihi, boksi likaingia nyuma ya ensaiklopidia za zamani katika chumba cha boila, ambako hakuna mtu mwenye akili zake aliyekwenda kwa hiari. Mtutu wa pembe nane ulifika mwezi wa nne. Mtambo wa kufyatulia, ule wenye taya za kubana jiwe, ukafika wa sita. Kitako, yaani mbao yote ya gobore kuanzia begani hadi karibu na mdomo, kilifika wa saba kikiwa kimechongwa kwa juu juu tu, na kila siku baada ya kufunga maktaba saa kumi na moja Merle alishuka kwenye boila na patasi mbili na kitabu chenye picha, akachonga mpaka tumbo lilipomwita nyumbani.

Sababu ya yote hayo ilikuwa moja. Mzee Clayton alikuwa fundi wa magobore. Watu walitoka kaunti tatu kuja kwake na walisubiri miaka miwili bila kunung'unika. Mwanawe wa pekee wa kiume akaenda kwenye vitabu. "Huyu wangu," mzee alikuwa akiwaambia wateja, Merle akiwa amesimama palepale, "hawezi kufungua kopo la maharagwe mpaka asome kwanza kitabu cha makopo." Wateja walicheka. Merle naye alicheka, akiwa na miaka kumi na miwili, na kicheko kile kilimkaa kooni. Sasa ana miaka hamsini na miwili na bado kimo humo humo.

Na muda ulikuwa unakwisha. Nyonga ya mzee ilikuwa imekataa kabisa theluji nyingine, na tarehe mbili Januari angepanda ndege kwenda Arizona kukaa kwa binti yake. Siku ya pili ya Krismasi msimu wa kuwinda kulungu kwa gumegume unafunguliwa. Merle alipanga kwamba asubuhi hiyo, kabla ya kahawa, ataweka mezani gobore zima alilolitengeneza kwa mikono yake, halafu atanyamaza na kumtazama baba yake usoni. Hakutaka zaidi ya hapo. Alitaka tu mzee amwone fundi mara moja kabla hajaondoka.

Basi mwanzoni mwa Desemba Merle akaitwa Harrisburg kwenye mkutano wa siku tatu wa wakutubi. Aliporudi Alhamisi aliweka koti, akashuka kwenye boila, akasogeza ensaiklopidia, na hakuona kitu. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Ilinukia sabuni ya ndimu.

Sabuni ya ndimu ilikuwa na mwenyewe, Bi Verna Zug. Bi Verna alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, anayefanya kazi pale kwa kujitolea, bila malipo na bila huruma. Alichokikuta hakina namba alikipa namba. Mara moja alimpa namba paka, na paka akaazimwa wiki mbili.

Merle alimkuta kaunta akibandika karatasi nyuma ya kitabu cha mapishi.

"Bi Verna, kule kwenye boila kulikuwa na vitu."

"Vilikuwako," alisema Bi Verna, bila kuinua macho. "Sasa viko mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

Bi Verna alielekeza kidevu kwenye rafu ya Vitu vya Kuazima. Maktaba ya Kettle Run, kama maktaba nyingi za huko, haikuazimisha vitabu peke yake. Ilikuwa na fimbo za kuvulia samaki, sufuria za keki zenye sura ya mti wa Krismasi, viatu vya kutembelea juu ya theluji, na mashine ya kujazia soseji ambayo foleni yake haikuisha tangu Septemba. Sasa katikati ya viatu vya theluji na hema kulikuwa na nafasi tatu tupu, kila moja na kibao chake kidogo kilichoandikwa kwa mkono safi. Mtutu. Mtambo. Kitako. Kilichobaki ni mdeki tu, ile fimbo ya kushindilia baruti, ukiwa ndani ya mfuko wa nailoni na namba yake.

Merle alishika ukingo wa rafu.

"Nilijua ni mshangao wako kwa ajili ya mji," Bi Verna alisema nyuma yake. "Nikajisemea, Merle huyu, kanunua gobore la maktaba, watu wasio na gobore nao wawinde. Wazo zuri sana. Maboksi yote yameandikwa Maktaba ya Kettle Run. Ila ungeniambia, ningeandaa karatasi mapema."

"Bi Verna, pale mlangoni kuna tangazo, silaha haziruhusiwi."

"Nimelisoma mara tatu. Gobore zima ni silaha, vipande ni vipande. Ndiyo maana nimeviorodhesha mbalimbali, kila kimoja na kadi yake, na hakuna anayeruhusiwa kuchukua viwili kwa siku moja." Alivua miwani akaifuta. Alikuwa anaona fahari kwa jambo lile, na ilionekana. "Jumanne asubuhi nimeviweka, kufika saa sita vyote vimeondoka. Ila kile kitako, pole, kilikuwa kimechakaa kidogo. Nilidhani umekinunua cha mtumba."

Merle alimgeukia. "Ni vyangu, Bi Verna. Vyangu binafsi. Nilikuwa naletewa hapa kwa sababu ya Baba."

Bi Verna alimtazama, na uso wake ulipita huruma ukaenda moja kwa moja kwenye kanuni. "Ungeandika hivyo kwenye boksi. Kitu kikishaorodheshwa ni mali ya umma mpaka bodi ikiondoe. Bodi inakaa tarehe kumi na nne Januari. Hilo hukuliandika wewe?"

"Niliandika mimi."

"Basi."

"Hebu niambie tu nani kaazima. Nitamfuata mwenyewe, nitamweleza, mambo yaishe."

Hapo Bi Verna aligeuka polepole na kutazama ukutani, na Merle hakuhitaji kufuata macho yake. Miaka mitatu iliyopita askari mmoja wa kaunti aliingia pale kutaka kujua nani aliazima kitabu fulani cha kufungua vitasa, na Merle, mpole yule asiyeweza kumfukuza nzi, alimkatalia mbele ya watu. Alichoazima mtu ni siri yake, alisema, na mimi nitakwenda nayo kaburini. Gazeti liliandika. Bodi ilipiga makofi. Maneno yale yaliwekwa kwenye fremu, na fremu ilikuwa juu ya kaunta, na aliyeipigilia msumari ni Bi Verna mwenyewe.

"Wote watatu wamenipigia simu," Bi Verna alisema. "Mwenye mtutu anataka kujua nani ana kitako. Mwenye kitako anamtafuta mwenye mtambo. Mwenye mtambo ameniita jina ambalo silirudii. Kila mmoja ameshika kipande chake na amejiandikisha foleni ya vingine viwili."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawasomea ukuta wako."

Merle aliona afanye kama wananchi wengine. Alijaza karatasi tatu za foleni, akaambiwa ni wa tatu kwenye kila moja. Bi Verna alimuuliza kama atapenda kuchukua mdeki wakati anasubiri, maana upo. Merle aliuchukua. Alitoa kadi yake, kadi ikapigwa muhuri, mdeki wake mwenyewe akapewa kwa wiki mbili.

Kisha aliingia ofisini na kufunga mlango. Kwenye kompyuta majina yote yalikuwamo, na neno la siri lilikuwa lake. Aliandika nusu yake. Alimfikiria mwenye kitako, mtu fulani wa mji huu, labda anakitazama sasa hivi na mkewe na wanaicheka ile kona ya mtambo ambayo Merle aliichimba ikamshinda, na ule mchoro wa mzabibu upande wa shavu, pale mpigaji anapolaza uso, alioukata Oktoba nzima. Nusu iliyobaki tu, na angejua agonge mlango gani. Alikaa hivyo mpaka kompyuta ikajizima yenyewe kwa kuchoka kumsubiri. Merle aliona haya, akashukuru, akavaa koti.

Bi Verna alikuwa bado kaunta. "Unakwenda?"

"Nitakwenda kutembea kidogo. Sina hamu ya kwenda nyumbani."

Bi Verna alipanga kalamu tatu kwenye mstari. Alikuwa anapigana na nafsi yake, na nafsi ilikuwa na nguvu kuliko alivyozoea.

"Merle mwanangu, mimi siwezi kusema kitu. Unajua siwezi."

"Najua."

"Nakuuliza tu kama jirani. Leo kwenu mnakula nini?"

"Alhamisi ni kuku na manda za unga. Baba anapika."

"Basi wahi," alisema Bi Verna, na masikio yake yakawa mekundu. "Vitu vizuri wahi vikiwa mezani."

Merle alidhani ni uzee. Alikwenda nyumbani kwa sababu baridi ilikuwa kali.

Jikoni kulikuwa na mvuke wa kuku, bakuli la mayai yaliyolowekwa kwenye siki na bitiruti mpaka yakawa mekundu, na katikati ya meza, kati ya chumvi na siagi, juu ya taulo safi, kitako. Kando yake mkoba wa ngozi wa baba yake ulikuwa umefunguliwa, patasi kumi na nne zikiwa zimelala ndani kwa mpangilio wa ukubwa. Mkoba ule haukuwa umefunguliwa miaka sita.

"Funga mlango," alisema Mzee Clayton. "Njoo uone takataka mnazoazimisha kwenye maktaba yenu."

Merle alifunga mlango akiwa bado upande wa nje, ikabidi aufungue tena aingie.

"Ile Jumanne nilifuata kitabu cha maua ya jangwani, nijue ninakokwenda kuna nini. Nikakiona hiki. Yule mama Zug hakutaka hata kuniambia kilitoka wapi. Kaa, kula." Mzee alimpakulia. Mkono uliokuwa unamwaga mchuzi kila siku ulimwaga na leo. Halafu mzee akashika patasi, na mkono ukatulia kabisa. "Tazama hapa. Hapa ndipo mtambo unapolala. Amechimba kama nguruwe anatafuta viazi."

Merle alitia yai zima mdomoni, asilazimike kujibu.

"Amezidisha. Mbao haina ubaya, ubaya ni mtu. Na hapa chini alipiga patasi kinyume na mshipa wa mbao, ikamkatikia, akashtuka, akajaribu kuficha kwa msasa. Unadhani sioni? Hii ni kazi ya kitabu. Amefuata picha. Mtu anakaa peke yake shimoni na picha."

"Labda anajifunza, Baba."

"Anajifunza kwa nani? Fundi niko hapa, niko umbali wa barabara mbili, sijafa. Anaona aibu gani kuja kugonga?"

Merle alilitafuna lile yai kwa muda mrefu. Angeweza kutaja orodha ndefu ya majibu ya swali hilo, kuanzia kopo la maharagwe, lakini mzee hakuwa anangoja jibu. Alikuwa amekigeuza kitako upande wa shavu, ule wenye mchoro wa mzabibu. Alipitisha kidole gumba juu ya mkunjo wa kwanza, kisha wa pili, akarudi wa kwanza.

"Sasa hapa," alisema kwa sauti nyingine, "hapa kitabu kimeisha akaendelea mwenyewe."

Merle aliacha kutafuna.

"Mzabibu huu haumo kwenye picha yoyote. Angalia unavyopungua unene ukielekea mwisho. Haulazimishwi, unakwenda. Mimi mkunjo wa namna hii niliupata nikiwa na miaka arobaini, na mpaka leo nikiukata naogopa." Mzee alikohoa, akajifanya anatafuta kitambaa. "Usiku sijalala. Nimeanza kumrekebishia pale kwenye mtambo, nimemjazia kipande, maana ni dhambi kuacha mkono kama huu uharibikiwe na ujinga mdogo."

Simu ya ukutani ililia. Merle ndiye aliyekuwa karibu.

"Ni mimi Verna," simu ilisema. "Kuna kitu kimerudishwa hapa. Mwenyewe amekasirika, anasema hakina maelekezo. Anayefuata kwenye foleni anaweza kukichukua kesho."

"Kitu gani?"

"Siwezi kukwambia."

"Anayefuata ni nani?"

"Merle, usinitese. Mpe simu baba yako."

Mzee alisikiliza, akasema ndiyo, akasema saa tatu kamili, akakata. Alirudi mezani akiwa amepungua miaka kumi. "Mtambo umerudi. Ni zamu yangu. Mwenye mtutu naye atachoka, watu wa siku hizi hawana subira." Alikaa, akakiweka kitako mapajani kama mtu anayempakata mtoto wa watu. "Sasa nisikilize. Wewe ndiye mkubwa pale. Kitu hiki kilitoka mikononi mwa mtu. Niambie ni nani."

"Baba, unajua kanuni."

"Naijua, ipo ukutani, mji mzima unaijua. Nakuuliza kama baba yako. Ninakwenda Arizona kukaa na maua ya miiba. Nina patasi kumi na nne, zingine alizifua babu yangu. Dada yako atazifungulia mikebe ya rangi. Nimeulizia dukani, nimeulizia kanisani, nimempigia simu kila mwehu wa magobore kutoka hapa hadi mtoni. Hakuna anayemjua. Nataka kumpa hizi, na nataka nimwonyeshe japo wiki mbili, kwa sababu mwingine sina. Ni nani?"

Hakuna kanuni inayomkataza mtu kujitaja mwenyewe. Hata hivyo ghafla Merle aliogopa kuliko alivyomwogopa yule askari. Ilikuwa rahisi zaidi kubaki yule mtu asiyejulikana, anayesifiwa.

"Ni mimi," alisema.

Mzee Clayton alimtazama. Kisha akacheka, kicheko kilekile cha wateja. "Wewe."

"Mimi, Baba. Kwenye boila, tangu mwezi wa saba."

"Usinichezee, Merle. Jambo hili silifanyii mzaha." Kicheko kilikuwa kimekwisha. Aligeuza kitako na kuweka ukucha juu ya mkunjo wa pili. "Huu. Uliuanzia wapi?"

"Ndani. Nikatoka nje."

"Kila mtu huanzia nje."

"Pale mshipa wa mbao unageuka. Nilianzia nje ikanibandukia punje ndogo, hapo chini ya jani. Nikaigundisha nikaanza upya kutokea ndani. Niliifunga kwa uzi siku mbili."

Mzee alisogeza mbao karibu na jicho, akalitafuta lile jani, akapitisha ukucha. Ukucha ulikwama pahali, kidogo mno. Alikiweka kitako juu ya taulo.

"Siku mbili nimemtafuta mtu huyu mji mzima," alisema. "Kumbe nampikia."

Merle aliweka uma chini.

"Ungeniambia," alisema mzee.

"Ungecheka."

Mzee alifikiri juu ya hilo, na halikumpendeza, lakini hakulikana. "Ningecheka," alisema. "Ndiyo. Ningecheka, nikakupotezea mkono." Aliukunja mkoba wa patasi, akafunga kamba yake mafundo mawili, akausukuma mezani ukapita siagi na chumvi mpaka ukagusa sahani ya mwanawe. Halafu, kwa kuwa hakuwa na maneno mengine ya jambo lile, alirudi kwenye yale aliyokuwa nayo. "Sogeza kiti huku. Hii kona ya mtambo ni aibu, sijui ulikuwa unafikiri nini, hata kipofu angechimba vizuri kuliko hivi."

Merle alisogeza kiti mpaka bega likagusana na bega la baba yake. Alilia bila kujificha, machozi yakidondoka juu ya taulo, na mzee alimvumilia, akaendelea kumwonyesha mahali alipoharibu, kosa baada ya kosa.